Asetoni kwenye kazi ya boti za faiba: kuinunua, kuiweka na kuitumia bila kuchoma banda

Penye banda la boti za faiba, Unguja na Pemba, hapakosi dumu la asetoni. Fundi huoshea brashi na rola, hufutia ubavu wa boti kabla ya kupaka jelkoti (tabaka la nje linalong'aa), na wapo wanaooshea mikono au kuzimulia rezini (gundi ya kujengea faiba), mambo mawili yasiyofaa hata kidogo na tutaeleza kwa nini. Lishikwe hili kwanza: asetoni ni ya kuoshea, si ya kuchanganyia. Na ile sifa ya kukauka upesi, inayowapendeza mafundi, ndiyo hiyo hiyo inayochoma mabanda. Asetoni iliyokauka haikutoweka. Imegeuka mvuke, na mvuke huo umekaa chini, miguuni mwa fundi.

Tabia zake

Asetoni ni kiyeyushi kisicho na rangi, chepesi kuliko maji, chenye harufu kali iliyo tamutamu. Inachanganyika na maji kwa kiasi chochote. Inayeyusha mafuta, grisi, rangi nyingi na rezini mbichi. Rezini ya poliesta iliyokwisha kukamata, yaani kuwa ngumu, haiyeyuki. Itavimba kidogo juu, basi.

Inachemka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi, na inaanza kutoa mvuke wa kushika moto tangu nyuzi 20 chini ya sifuri. Huku kwetu hata alfajiri ya kusi haikaribii baridi hiyo, kwa hiyo kopo lililo wazi linatoa mvuke wa kuwaka saa zote, misimu yote. Mafuta ya taa hayafiki hali hiyo mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Asetoni basi ihesabiwe pamoja na petroli, si pamoja na mafuta ya taa.

Mvuke wake una uzito mara mbili ya hewa. Haupandi juu ukatokea chini ya bati. Unashuka, unatambaa sakafuni, unajaa kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti. Fanya hesabu. Lita moja ikikauka yote inatoa lita 330 hivi za mvuke. Hewa yenye mvuke huo kwa asilimia 2.5 tayari inaweza kulipuka. Maana yake, lita moja iliyomwagika inatosha chumba cha mita 2.5 kwa 2.5 chenye kimo cha mita 2. Ndani ya kabini ya boti ndogo nusu lita inatosha, na chini kwenye ngama, mvuke unakolimbikana, hata kikombe kimoja ni hatari. Jiko la makaa lililowekwa hatua kadhaa upande wa chini wa upepo linaweza kuuwasha mvuke, na moto ukarudi mbio mpaka kwenye kopo.

Inatoka wapi

Sehemu kubwa ya asetoni ya dunia hutengenezwa kwenye viwanda vya kemikali za petroli. Benzeni na propilini huunganishwa kuwa kumeni. Kumeni hupulizwa hewa ikageuka peroksaidi yake. Kisha asidi huipasua vipande viwili, fenoli na asetoni. Kila kilo moja ya fenoli huja na gramu 600 na zaidi kidogo za asetoni, ndiyo maana viwanda hivyo huuza zote mbili. Zamani ilipatikana kwa kuchoma kuni bila hewa na kukusanya majimaji yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifanya Uingereza iihitaji kwa baruti, Chaim Weizmann alitumia bakteria wanaochachusha wanga wa mahindi.

Kiwandani matumizi makubwa si kuoshea brashi. Inaingia kwenye vioo vya plastiki vya akriliki na kwenye malighafi ya plastiki ngumu. Wachomeleaji wa vyuma nao wanayo bila kuiona: ndani ya mtungi wa asetilini gesi imeyeyushwa kwenye asetoni, ndiyo sababu mtungi ule hautumiwi ukiwa umelazwa, la sivyo asetoni yenyewe hutoka na gesi.

Kununua na kuipima

Dukani vitu viwili huuzwa kwa mazoea kama ndugu: asetoni na thina. Thina ni mchanganyiko, mara nyingi una tuluini na vingine vyenye sumu zaidi na vinavyoacha mafuta juu ya faiba. Ukinunua kwa kupimiwa kutoka pipa kubwa, pima mwenyewe, nje, mbali na moto.

1. Tia vijiko viwili vya asetoni kwenye gilasi ya kioo, ongeza vijiko viwili vya maji safi, koroga. Ikibaki angavu, vizuri. Ikiwa kama maji ya nazi yaliyotiwa tui, au ikijitenga tabaka mbili, ndani mna thina au petroli.
2. Pima lita moja kamili kwenye mizani. Kwa joto letu la nyuzi 30 inatakiwa kuwa gramu 780 hivi. Ikipita 800, imetiwa maji au imenyonya maji.
3. Dondosha matone matano kwenye kioo kilichofutwa. Lazima yakauke upesi bila kuacha duara la mafuta. Ukiona ukungu mwembamba unaojiondokea wenyewe, huo ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwa baridi. Kumbuka jambo hilo, litarudi.

Anayesafirisha kwenda Pemba aitangaze bandarini kama mzigo wa hatari, kwa namba UN 1090 iliyoandikwa kwenye dumu. Usiifunge ndani ya begi la nguo kwenye boti ya abiria, wala kwenye ndege.

Kuiweka

Iache kwenye bati lake la asili, kifuniko kimekazwa. Ukilazimika kuhamisha, tumia chuma, au dumu gumu la plastiki lenye pembetatu na namba 2 chini yake. Chupa ya maji ya kunywa, ile yenye namba 1, hugeuka nyeupe na kupasuka. Na hata isipopasuka, mtoto ataiona chupa ya maji. Andika ASETONI kwa rangi isiyofutika, pande mbili.

Weka kivulini, chini, mahali pepo zinapita, mita kadhaa kutoka jenereta, chaja ya betri na jiko la chai. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Bati lililopigwa jua huvimba: kabla ya kulifungua lipeleke kivulini lipoe, kisha legeza kifuniko polepole huku uso umeugeuza.

Hadina, dawa ya kuikamatisha rezini, isikae rafu moja na asetoni. Tutaieleza chini, kwa sababu ndiyo hatari ambayo mafundi wengi hawajaambiwa.

Wanaomimina kutoka pipa la lita 200 waunge pipa na kopo la chuma kwa waya wenye vibanio, na pipa liungwe na ardhi. Cheche ya umeme tuli haionekani mchana, lakini inatosha.

Kufuta ubavu kabla ya kupaka

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na kosa halionekani mpaka boti ikae majini miezi kadhaa. Kwanza osha kwa maji baridi na sabuni, suuza chumvi yote, acha ikauke kabisa. Asetoni haiondoi chumvi. Kisha piga msasa, pangusa vumbi. Asetoni ipite mara mbili, kabla ya msasa na baada yake. Usipoipitisha kabla, grisi utaisukuma ndani ya michubuko kwa msasa wako mwenyewe.

Shika tambara mbili nyeupe za pamba. Za rangi huachia rangi, na baadhi ya zile za nyuzinyuzi za plastiki huyeyuka. Tambara la mkono wa kulia lilowe bila kudondosha, la kushoto liwe kavu. Futa eneo la nusu mita kwa nusu mita, upande mmoja tu. Angalia kwa karibu: tambara bichi likipita, jelkoti inang'aa kama imelowa, na mng'ao huo unaanza kufifia pembeni ndani ya sekunde chache. Tambara kavu lazima lipite kabla haujafifia. Grisi wakati huo inaelea ndani ya asetoni. Ukichelewa, asetoni inaruka na grisi inalala pale pale ilipokuwa, imesambaa zaidi. Fundi anayezungusha tambara moja ubavu mzima anahamisha uchafu tu. Geuza upande wa tambara kila eneo, na likichafuka litupe. Usilichovye tena kwenye kopo safi. Mimina juu yake.

Sasa ule ukungu wa kwenye kioo. Asetoni inapokauka inachukua joto la faiba, na uso unapoa ghafla. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ya masika ndiyo zaidi. Maji yanatua juu ya uso uliopoa kama umande. Ukipaka jelkoti papo hapo umefungia maji ndani, na baadaye rangi itabanduka kwa vipande. Subiri dakika 15 hadi 20, pitisha kiganja chenye glavu safi, uso uwe wa joto la kawaida. Kazi hii ianze umande ukishakauka, saa tatu asubuhi, na iishe kabla ya saa kumi jioni. Siku ya mvua acha.

Ndani ya boti angalia povu. Povu jeupe la vipunjepunje, la maboksi ya samaki, huyeyuka kama sukari kwenye chai likiguswa na asetoni. Jaribu kipande kidogo kwanza. Vioo vya plastiki vya kabini navyo hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui, vifunike.

Wanaounga mbao kwa epoksi watafaidika nayo kwenye msaji, mti wenye mafuta yake: futa kwa tambara bichi, acha ikauke dakika chache, gundisha muda huo huo kabla mafuta hayajapanda tena.

Kuosha brashi kwa makopo matatu

Banda linalomimina lita nzima kwenye ndoo moja kila jioni linapoteza pesa na linavuta mvuke bure. Chukua makopo matatu ya chuma yenye vifuniko, kila moja mililita 250. La kwanza chafu, la pili nusu, la tatu safi.

Kamua rezini kwenye kadibodi kwanza mpaka brashi isidondoshe. Hatua hii pekee inaokoa asetoni nyingi. Chovya kopo la kwanza, bonyeza nyuzi sakafuni mwa kopo ukihesabu hadi thelathini, kamua. La pili, vivyo hivyo. La tatu, suuza tu. Funika kila kopo mara tu brashi inapotoka. Ining'inize brashi nje, nyuzi chini, dakika kumi au zaidi kabla ya kuirudisha kazini, maana asetoni iliyobaki kwenye mizizi ya nyuzi ndiyo inayoingia kwenye rezini bila fundi kujua. Kopo la tatu likianza ukungu, sogeza: la pili huwa la kwanza, la tatu huwa la pili, na mimina jipya.

Yote haya kabla rezini haijakamata. Ukichanganya hadina kwa asilimia moja, yaani gramu 10 kwa kilo ya rezini, kwa joto la nyuzi 30 unaweza kuwa na robo saa tu. Brashi iliyokwisha kuwa kama jeli haifufuki. Itupe.

Makosa matatu yasiyosameheka

*Kuzimulia rezini.* Rezini nzito kwa kawaida ni ya zamani au ilikaa wazi, stairini yake, kile kiyeyushi kinachoilegeza, imeruka. Asetoni itailegeza, kweli, na brashi itateleza vizuri. Lakini uso wa juu hukamata kwanza na kuifungia asetoni ndani. Faiba inabaki laini, ina vitundu, na boti ikikaa majini huota malengelenge chini ya mstari wa maji. Ukiyatoboa yanatoa maji ya harufu ya siki. Kukata na kuijenga upya sehemu hiyo ni ghali kuliko pipa jipya la rezini.

*Kuichanganya na hadina.* Hadina ya poliesta ni peroksaidi, aina ya kemikali isiyotulia. Usiizimue kwa asetoni, usioshee kipimio chake kwa asetoni, usimimine mabaki yake kwenye kopo la asetoni chafu. Mchanganyiko huo unaweza kuzaa vitu vinavyolipuka kwa kuguswa tu. Kipimio cha hadina kisuuzwe kwa maji mengi. Na kama unatia kichapuzi cha kobalti mwenyewe, hicho nacho kisikutane na hadina moja kwa moja: kobalti ndani ya rezini kwanza, koroga kabisa, ndipo hadina.

*Kuosha mikono.* Asetoni inaondoa mafuta ya ngozi pamoja na rezini, na inaipitisha stairini ndani kwa urahisi zaidi. Ngozi inakauka, inapasuka kwenye vifundo, mwisho inawasha kila siku. Rezini mbichi mikononi inatoka kwa mafuta ya nazi: sugua dakika mbili, pangusa kwa karatasi, kisha sabuni na maji. Glavu nyembamba za buluu za hospitali asetoni huzipenya ndani ya dakika chache au chini ya hapo, zikilowa zivue. Za mpira wa butili ndizo zinazostahimili.

Ukifanya kazi ndani ya boti

Kabla ya kufungua kopo, tenganisha betri. Usisahau swichi ya kuelea ya pampu ya ngama, inayojiwasha yenyewe. Ikitoa cheche kwenye ngama iliyojaa mvuke, boti imekwenda. Simu na taa za kuchomeka zibaki nje, na hakuna grenda inayofanya kazi karibu. Feni iwekwe nje ikisukuma hewa safi ndani kwa bomba linalofika chini kabisa. Usiifanye ivute mvuke kupitia mota yake. Ingia na kiasi cha kutumia tu, robo lita, wala usiingie na dumu. Mtu wa pili akae mlangoni, na kazi yake iwe hiyo peke yake.

Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke hata chembe. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye chujio la mvuke, na kwa kuwa asetoni inachemka chini ya nyuzi 65, chujio sahihi ni la alama AX, lenye mkanda wa rangi ya kahawia, la kutumia mara moja. La alama A pekee huachia mapema. Ukiisikia harufu ndani ya barakoa, toka.

Kichwa kikiuma, ukajihisi mlevi au maneno yakakwama, toka upate upepo, na usirudi siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani kazi za ndani ya boti zifanywe asubuhi. Mtu aliyefunga, mwenye kiu na joto, hulemewa upesi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mfululizo dakika 15, kope zimefunuliwa, kisha hospitali. Mtu akiimeza asitapishwe. Apelekwe hospitali pamoja na bati lenye lebo.

Moto ukitokea

Kopo linalowaka lifunike kwa kifuniko chake au bati bapa. Usilibebe kukimbia nalo nje. Linamwagika juu ya mbebaji na moto unamfuata. Mtungi wa unga au wa gesi ya kaboni dioksaidi unafaa, na ndoo mbili za mchanga mkavu ziwe mlangoni siku zote. Maji ya mpira yanayopigwa kwa nguvu yanatawanya moto, na povu la kawaida linavunjika kwa asetoni. Moto ukizidi ukubwa wa sinia, watu watoke wote, waiteni Zimamoto na muwaambie mapema kuwa ni asetoni. Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno na majivu visipakwe.

Matambara na asetoni chafu

Matambara yenye rezini iliyotiwa hadina hupata moto yenyewe yakirundikwa, na rezini iliyobaki nene ndani ya kopo inaweza kupita nyuzi 150 na kufuka moshi. Kopo hilo litoe nje, mbali na makopo ya kuoshea. Matambara yaingie kwenye pipa la chuma lenye maji, nje ya banda, lenye kifuniko.

Kopo la kwanza likishakuwa zito, lifunike siku mbili. Tope la rezini hutua. Mimina taratibu asetoni ya juu, itumie tena kwa kuoshea mara ya kwanza pekee, isiguse ubavu wa boti. Wapo wanaotaka kuichemsha na kuipoza irudi safi, wakiona makonyo ya karafuu yanavyokamuliwa mafuta kwa mvuke kule Wawi, Pemba. Havifanani. Mafuta ya makonyo hayashiki moto kirahisi, na huletwa na mvuke wa maji. Mvuke wa asetoni ukivuja kwenye kiungo kimoja tu juu ya makaa ni mlipuko. Mitambo ya kuisafisha ipo, ya umeme uliofungwa usitoe cheche, na haitengenezwi kwa sufuria.

Tope lenyewe, kama halikumwagiwa hadina tupu, litandaze kwenye sinia la chuma nje, upepo unapopita na hakuna moto, lichanganye na mchanga, liache mpaka likauke, kisha litolewe na taka ngumu kwa utaratibu wa baraza la eneo lako. Lisimwagwe ufukweni wala kwenye shimo. Ardhi yetu ya matumbawe ina vitundu, na kinachomwagwa juu hushuka mpaka kwenye maji ya visima.